Imam Ghazali na Mkoba wa Madaftari

  

Wanafunzi wapenzi, kila mfungo ukisha na Idi ikapita, madrasa hufunguliwa kwa mwaka mpya. Majumbani huwa ni pirikapirika: kanzu zinashonwa, shungi zinanunuliwa, madaftari yanavalishwa majalada. Hayo ni mazuri, na wazazi wetu Allah awalipe. Lakini moyo nao hutayarishwa lini? Kwa ajili ya suala hilo tumeona tukuleteeni habari za Imam Abu Hamid Al-Ghazali (R.A.), mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafii.

Alizaliwa Tus, katika nchi ya Khurasan, ambayo leo imo Iran, mwaka 450 Hijria (1058 Miladia). Baba yake alikuwa fakiri aliyesokota sufi na kuiuza. Alipohisi mauti yamekaribia, aliwakabidhi wanawe wawili, Muhammad, ambaye ndiye Imam wetu, na nduguye Ahmad, kwa rafiki yake mchamungu, pamoja na akiba ndogo ya fedha ili wasomeshwe. Fedha zile hazikudumu. Yule mlezi naye hakuwa na kitu, akawashauri waingie madrasa ambayo wanafunzi walikuwa wakipewa posho. Baadaye Imam mwenyewe alikiri kwamba mwanzo wao katika elimu haukuwa kwa ajili ya Allah, ila elimu yenyewe ilikataa kuwa kwa mwingine asiyekuwa Yeye. Kwa hiyo wewe uliyeletwa na mama huku unalia usivunjike moyo. Wakubwa wako walianza kwa kufuata mkate.

Akiwa kijana alisafiri hadi Jurjan kusoma fiqhi. Kila alilofundishwa aliliandika. Alipokuwa akirudi nyumbani, msafara ulivamiwa na wanyang'anyi, wakachukua kila kitu na mkoba wake wa madaftari. Wenziwe walinyamaza, lakini yeye aliwafuata wale majambazi nyuma. Mkuu wao akamwonya arudi la sivyo ataangamia. Ghazali akamwomba amrudishie madaftari tu, kwani kwao hayakuwa na faida, na yeye alihama nyumbani kwa ajili ya elimu iliyomo humo. Jambazi alicheka. Akamuuliza vipi anadai kuwa anayo elimu, na hali wao wameuchukua mkoba na yeye akabaki hana elimu! Kisha akaamuru arudishiwe.

Tazameni, ndugu zetu, mwalimu huyu wa njiani! Ghazali hakumkasirikia. Aliona kuwa Allah ndiye aliyemtamkisha mtu yule ili amwongoze. Alipofika Tus alikaa miaka 3 akihifadhi yote aliyoyaandika, mpaka ikawa hata akinyang'anywa tena hapotezi kitu. Sisi leo tunao wanafunzi wanaopiga picha ubao kwa simu za kaka zao, wakaona wamekwisha soma. Simu ikianguka majini, darasa la mwaka mzima limekwenda nayo.

Baada ya hapo alikwenda Nishapur kwa Imam Al-Haramain Al-Juwaini, akabaki naye hadi sheikh alipofariki mwaka 478 (1085). Mwaka 484 (1091), hata miaka 35 hajafika, waziri Nizam Al-Mulk alimteua kufundisha Madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad. Darasani kwake walikaa wanafunzi 300. Sifa, mavazi mazuri, heshima ya wakubwa, vyote alivipata.

Hapo ndipo mtihani ulipokuja. Mwaka 488 (1095) aliikagua nia yake ya kufundisha, akaona si safi: ndani yake mlikuwa na kutafuta jaha na kusifiwa. Karibu miezi 6 alivutwa huku na huku, leo anaazimia kuondoka, kesho anaghairi. Mwisho ulimi wake ulifungika, hawezi kusomesha hata neno, na chakula hakipiti. Matabibu walikata tamaa. Walisema ugonjwa umo moyoni. Akagawa mali yake, akabakisha ya kumtosha yeye na watoto wake, akatoka Baghdad kwenda Damascus, Baitul Maqdis, na kisha Hija.

Matunda ya miaka ile ni kitabu chake Ihyau Ulumid Din, ambacho ndani yake mna vitabu 40, na cha kwanza ni cha elimu. Humo amemwekea mwanafunzi wajibu 10. Wa kwanza si kalamu wala daftari, bali kuisafisha nafsi na tabia mbaya. Na kiburi mbele ya mwalimu amekitaja karibu sana na mwanzo.

Mwaka 499 (1106) alirudi kufundisha Nishapur. Kwa nje alikuwa ni mwalimu yule yule, lakini mwenyewe alieleza kuwa zamani aliwaita watu kwenye elimu inayoleta jaha, na sasa anawaita kwenye ile inayoiacha. Hatimaye akarejea kwao Tus, akajenga madrasa pembeni mwa nyumba yake. Na katika siku zake za mwisho, yeye aliyesomesha mamia, alikaa tena kama mwanafunzi akisoma Hadithi za Sahihi Bukhari na Muslim. Alikuwa katika hali hiyo alipofariki mwaka 505 (1111), Allah amrehemu.