Serumaga: Msimulizi Aliyeiachia Ngoma Iseme

Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Nililikumbuka neno hilo juzi huko Satellite, upande wa magharibi wa jiji la Nairobi, nilipoitwa na vijana wa kikundi cha ngoma wanaofanya mazoezi katika ukumbi mdogo kando ya barabara. Walikuwa wakitayarisha onyesho la kueleza jinsi wazee wao walivyohamia mjini, nao walikuwa wamegawanyika. Nusu yao walitaka pawe na msimulizi, ashike kipaza sauti na kueleza kisa tangu mwanzo hadi mwisho huku ngoma zikilia. Nusu ya pili walishikilia kwamba maneno yataiua ngoma, na kwamba mtazamaji asiyeelewa mdundo hataelewa hata akielezwa. Mimi niliitwa niwaandikie hayo maneno, kwa kuwa wajua ushairi ndio kazi yangu. Nami, kama mwamba ngoma yeyote, nilikuwa tayari kuvutia kwangu.

Kabla sijashika kalamu nikamkumbuka mtu mmoja aliyefia katika jiji hili hili la Nairobi mwezi wa Septemba 1980. Huyo ni marehemu Robert Serumaga wa Uganda, mwandishi, mwigizaji na kiongozi wa michezo ya kuigiza. Swali la vijana wa Satellite ndilo lililomshughulisha sehemu kubwa ya maisha yake, na lilimshughulisha wakati ambapo jibu lisilo sawa liliweza kumtoa mtu roho.

Serumaga alizaliwa mwaka wa 1939. Alisomea elimu ya uchumi huko Dublin, katika Chuo cha Trinity, kisha akafanya kazi ya utangazaji mjini London. Kwa hiyo alikuwa mtu wa maneno kabla ya kuwa mtu wa ngoma. Aliporudi nyumbani katika miaka ya 1960 alianzisha kikundi cha michezo mjini Kampala, akawa mwandishi, mwelekezi na mwigizaji kwa pamoja. Mwaka wa 1969 ilitoka riwaya yake, Return to the Shadows, yenye kusimulia nchi inayotikiswa na mapinduzi. Ukafuata mchezo wa The Elephants, uliochapishwa hapa Nairobi mwaka wa 1971. Kazi zote hizo aliziandika kwa Kiingereza, na ndani yake watu husema, wakasema tena, mpaka msikilizaji atambue kuwa maneno yao ni ukuta wa kujifichia.

Halafu akaandika Majangwa. Majangwa ni mpiga ngoma wa barabarani, akitembea pamoja na mkewe Nakirijja. Hapo kwanza watu waliwakusanyikia kwa ajili ya ngoma na nyimbo. Baadaye ngoma peke yake ikawa haiwatoshi watazamaji, na wawili hao wakaishia kuuza hata aibu yao hadharani ili wapate riziki. Mimi naona ya kwamba katika mchezo huo Serumaga alikuwa akijiuliza juu ya kazi yake mwenyewe. Je, msanii ampe mtazamaji kila anachokidai? Na akimpa, kitabaki nini cha sanaa?

Mchezo huo ulitoka mwaka wa 1971, na mwaka huo huo, mwezi wa Januari, Idi Amin alikuwa ametwaa utawala wa Uganda. Tangu hapo maneno yakaanza kuwa mzigo wa hatari. Mwaka wa 1972 Serumaga alitoa Renga Moi, kisa cha shujaa wa Kiacholi ambaye mkewe amejifungua pacha. Mila yamtaka abaki atimize matambiko, na adui naye yuko mlangoni. Humo maneno yalibaki, lakini yalipunguzwa. Yalisemwa kwa lugha kadhaa za Uganda, ili asiwepo mtazamaji wa kudai kwamba mchezo ni wa kabila lake peke yake. Kilichobeba kisa hasa ni ngoma, nyimbo na miili ya wachezaji. Mwaka wa 1975 mchezo huo ulionyeshwa London, mbele ya watu wasiojua hata lugha moja kati ya hizo.

Mwaka wa 1974 alikwenda mbali zaidi. Alitoa Amayirikiti, jina la miti yenye maua mekundu kama moto, na katika mchezo huo hapakuwa na mazungumzo hata kidogo. Palikuwa na mdundo, sauti, uimbaji na mwendo wa mwili. Kwa hayo tu aliwaonyesha Waganda damu iliyokuwa ikimwagika nchini mwao. Na angalia ajabu hii, msomaji: kikundi chake kiliitwa Abafumi, maana yake wasimulizi wa hadithi. Wasimulizi waliofunga vinywa!

Je, alifanya hivyo kwa kupenda au kwa kuogopa? Nadhani yote mawili. Alikuwa fundi aliyeamini kuwa mwili na ngoma hufika mahali ambapo ulimi haufiki. Lakini pia aliishi katika nchi ambayo sentensi moja ilitosha kuwa ushahidi. Mwenzake Byron Kawadwa, aliyekuwa mkuu wa Jumba la Michezo la Taifa mjini Kampala, aliuawa na watu wa Amin mwaka wa 1977. Neno likishatamkwa halina mahali pa kujificha. Mdundo je, askari ataunukuu vipi katika daftari lake?

Hata hivyo ukimya wa Serumaga haukudumu. Alikimbilia Kenya, akajiunga na wapinzani wa Amin, na mwezi wa Machi 1979 akawa miongoni mwa waliokutana Moshi, Tanzania. Amin alipoangushwa mwezi uliofuata, Serumaga akawa Waziri wa Biashara katika serikali ya Profesa Yusuf Lule. Serikali hiyo ilidumu siku 68 tu. Akarudi tena ugenini Nairobi, na huko mauti yakamkuta ghafla, hata miaka hamsini hajafika. Wapo wanaosikitika kwamba siasa ilimnyang'anya ukumbini. Mimi namwona kama mtu aliyebana maneno kifuani kwa miaka mingi, na mlango ulipofunguliwa hakuweza tena kunyamaza.

Nilipowasimulia vijana maisha haya, kila upande ulidhani nimeuunga mkono. La hasha. Wanaotaka ngoma tupu niliwakumbusha kwamba Serumaga alilipa gharama kubwa kwa ukimya wake, wala haukuwa mtindo wa kuigwa kwa fahari. Mwenye ruhusa ya kusema asijifanye bubu. Na wanaotaka msimulizi asiyenyamaza niliwaeleza tulivyolelewa sisi wa pwani. Katika Maulidi ya Habshi, msomaji husoma habari za Mtume, rehema na amani zimshukie, na matari yametulia mapajani. Akimaliza sehemu yake, ndipo kasida inapopanda na matari yakaitikia. Hakuna anayemfunika mwenziwe. Masikio hupewa kitu kimoja kwa wakati mmoja, na moyo ukapata nafasi ya kuviunganisha.

Basi nikawaandikia. Nilikuwa nimekusudia beti ishirini, nikawapa nne. Mbili husomwa mwanzo kabla ngoma haijaguswa, moja katikati, pale mzee anaposhuka kwenye gari moshi na mzigo wake, na moja ya kufungia. Mahali pengine pote nimeiachia ngoma. Kijana aliyekuwa amejiandaa kuwa msimulizi alinung'unika kidogo kwa kupunguziwa kazi, nikamwambia aende akapige ngoma ndogo katika nafasi hizo.

Nakiri kwamba kuzifuta beti zile kumi na sita kuliniuma. Mwamba ngoma nilikuwa mimi, na safari hii nimejaribu kutovutia kwangu. Mungu amrehemu Robert Serumaga.