Apolo Kivebulaya: Aliyerudi kwa Waliomfunga

Wengi wetu tuliotoka Ituri, Kivu na Uganda tumelisikia jina la Apolo wa Boga. Jumapili hii tuyatazame maisha yake, maana ndani yake tunaona jinsi Mungu anavyokomboa.

Alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864, akaitwa Waswa kwa kuwa alikuwa pacha. Ujanani alishika silaha katika vita vya dini vilivyoitikisa nchi ile. Baadaye neno la Mungu lilimpata, akabatizwa mwaka 1895. Alichagua jina la Apolo, yule mhubiri wa Matendo sura ya 18. Watu walimwita pia Kivebulaya, yaani kilichotoka Ulaya, kwa sababu ya koti la kiaskari alilopenda kuvaa. Mke wake alifariki, naye hakuoa tena.

Mwaka 1896 alivuka milima ya Ruwenzori akaingia Boga, ambayo leo iko Kongo. Chifu Tabaro hakuyapenda mahubiri yake. Kisha likatokea jambo zito: dada wa chifu alijikwaa, akaangukia mkuki uliokuwa umefichika katika nyasi za kujengea, akafa. Apolo akashtakiwa kwa kifo ambacho hakukisababisha. Alipigwa, akafungwa gerezani ng'ambo ya mpaka, huko Toro. Hapo gerezani, katika huzuni kubwa, alimwona Kristo katika maono akimtia moyo asiogope.

Hatimaye aliachiliwa. Angeweza kurudi kwao Buganda, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alirudi Boga, kwa watu walewale. Na Tabaro, yule aliyekuwa adui, akaja kubatizwa.

Apolo aliwekwa kuwa kasisi mwaka 1903. Alitumika miaka mingi Toro, kisha akarudi Boga akawahubiria hata Wambuti wa msituni. Alifariki tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilikuwa kumzika mtu kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliomba kielekezwe magharibi, upande wa msitu wa Kongo, kwa kuwa kazi ilikuwa bado. Kanisa la Anglikana la Kongo lilianzia pale.

Wapendwa, mimi ni muuguzi. Nimekaa usiku na wagonjwa wetu, na nimeona kwamba mara nyingi kinachomnyima mtu usingizi si mwili peke yake. Ni jina la mtu: jirani aliyemsingizia, ndugu aliyemuuza, askari aliyechoma nyumba. Tumevuka bahari hadi Ohio, na jina hilo tumevuka nalo.

Apolo hakuambiwa kwamba gereza lile lilikuwa jema. Halikuwa jema, lilikuwa dhuluma. Tena kusamehe si kumrudia mtu ambaye bado anashika fimbo. Lakini Mungu alilichukua jambo baya akalitoa mikononi mwa uovu, akalitumia kumwokoa hata mshtaki. Huo ndio ukombozi tunaoutumainia: Bwana hapotezi hata siku zetu za gerezani.

Wiki hii, baba, mama na vijana, kila mmoja alitaje jina hilo mbele za Mungu katika maombi. Kama ni zito mno kulitaja peke yako, njoo tuliombee pamoja baada ya ibada. Mungu awabariki.