Robert Koch: Daktari Aliyetazama Seli Zikiwa Hai

Soma habari hii kwa makini, kisha jibu maswali yaliyo mwishoni.

Mtahiniwa, chukua tone moja la maji ya mto. Kama unasoma ukiwa Maparoni, kwenye delta ya Rufiji wilayani Kibiti, huna haja ya kwenda mbali, maana maji yamekuzunguka. Kwa macho yako tone hilo ni maji tu. Liweke chini ya hadubini, na huenda ukaona viumbe wadogo wakiogelea, wakila na wakijigawa. Mambo ya namna hiyo ndiyo yaliyomshughulisha Robert Koch karibu maisha yake yote.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani. Alihitimu udaktari mwaka 1866 katika Chuo Kikuu cha Göttingen. Baadaye akawa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo uko Poland. Hakuwa na maabara kubwa. Alikuwa na hadubini, chumba nyumbani kwake na subira.

Wakati huo kimeta kilikuwa kikiua kondoo na ng'ombe, na wafugaji hawakuelewa kwa nini malisho yaleyale yaliendelea kuua mwaka baada ya mwaka. Koch alichukua tone la majimaji ya jicho la ng'ombe, akaweka ndani yake chembe ya wengu wa mnyama aliyekufa kwa kimeta. Tone hilo alilining'iniza chini ya kioo chembamba, juu ya slaidi yenye kishimo, akaziba pembeni lisikauke, akalitunza katika joto. Kisha akatazama saa baada ya saa. Bakteria wenye umbo la vijiti walirefuka wakawa nyuzi, na ndani ya nyuzi zikatokea spora. Spora hizo hustahimili ukavu na hukaa udongoni muda mrefu. Hapo fumbo la malisho likafumbuliwa. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1876.

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, alitangaza kwamba amegundua bakteria wa kifua kikuu. Safari hii alitumia rangi, kwa sababu bila rangi bakteria hao hawakuonekana. Zingatia hapa, maana watahiniwa wengi huchanganya. Rangi huonyesha umbo la seli vizuri, lakini mara nyingi seli hufa wakati wa kutayarishwa. Ukitaka kuona seli ikisogea, ikikua au ikijigawa, lazima uitazame ikiwa hai. Koch alitumia njia zote mbili, kila moja kwa kazi yake. Kwa kazi yake juu ya kifua kikuu alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1905.

Lakini Koch hakuwa mtu asiyekosea. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu iitwayo tubakulini kabla ya kuipima vya kutosha. Wagonjwa waliikimbilia kwa matumaini. Haikuwaponya, na baadhi walizidiwa wakafa. Baadaye ilibaki kuwa kipimo cha kutambua maambukizi.

Koch aliijua pia nchi yetu. Mwaka 1897 na 1898, wakati wa utawala wa Wajerumani, alifanya kazi Dar es Salaam, akichunguza malaria katika damu za watu na magonjwa ya ng'ombe. Alirudi mwaka 1905, akachunguza papasi waliojificha kwenye sakafu za udongo za vibanda vya wasafiri katika njia za misafara. Ndani ya papasi hao aliwakuta bakteria wembamba waliojisokota kama springi, wale wanaosababisha homa ya papasi. Aliwakuta hata kwenye mayai yao. Kwa hiyo papasi huweza kurithi ugonjwa kutoka kwa mama yake kabla hajamuuma mtu yeyote.

Mwaka 1906 na 1907 alikuwa katika visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, ambako malale yalikuwa yameua watu wengi. Alichoma sindano kwenye tezi za shingo za wagonjwa, akatoa majimaji, na chini ya hadubini akaona tripanosoma. Aliwapa wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki. Tripanosoma walitoweka kwenye damu, ikaonekana dawa imeshinda. Kumbe kwa wengi ugonjwa ulirudi. Dozi zilipoongezwa, zaidi ya wagonjwa 20 wakapofuka wasione tena. Vitabu vingi humtaja Koch bila kuwataja wagonjwa hao. Wewe wakumbuke.

Koch alifariki tarehe 27 Mei 1910 katika mji wa Baden-Baden.

Maisha yake yana funzo kwa mtihani wako wa vitendo na kwa maisha yako. Alichokiona Ssese kilikuwa kweli: vimelea hawakuonekana tena katika tone lile la damu. Lakini tone la damu si mwili mzima, na kutoonekana kwa kimelea si kupona kwa mgonjwa. Katika kazi ya kimeta alisubiri hadi seli zimwonyeshe hatua zote. Katika dawa alikimbilia hitimisho, na gharama wakalipa wengine. Basi unapotazama kwenye hadubini, andika kwanza ulichokiona. Hitimisho liandike baadaye, na lisizidi ushahidi ulio nao.

Maswali ya kujipima

1. Eleza jinsi Koch alivyotayarisha tone la kuchunguzia bakteria wa kimeta.
2. Kwa nini tone hilo lilizibwa pembeni na kutunzwa katika joto?
3. Taja faida moja na kasoro moja ya kutumia rangi katika kuchunguza seli.
4. Papasi ambaye hajawahi kumuuma mtu anawezaje kuwa na bakteria wa homa ya papasi?
5. Kwa kutumia mfano wa Ssese, tofautisha uchunguzi na hitimisho.