Melitta Bentz, mama aliyesafisha kahawa kwa karatasi ya daftari
Melitta Bentz alizaliwa Dresden, Ujerumani, mwaka wa 1873. Mama huyu wa nyumbani alichoshwa na kahawa kali yenye unga unaobaki mdomoni. Mwaka wa 1908 alitoboa kopo la shaba kwa msumari, akaweka ndani karatasi ya kukausha wino kutoka daftari la mtoto wake Willi, kisha akamimina maji ya moto juu ya kahawa. Ikatoka safi. Mwaka huohuo aliandikisha kampuni kwa mtaji wa pfennig 73 tu. Vita vya 1914 vilipompeleka mume wake Hugo jeshini na karatasi kukosekana, aliuza makatoni ili aishi. Alifariki mwaka wa 1950. Karatasi yake ingali jikoni.