Florence Nightingale: Muuguzi Aliyehesabu Vifo ili Kuokoa Uhai

Kila mwaka ifikapo Mei 12, wauguzi katika nchi nyingi duniani, Tanzania ikiwamo, huadhimisha Siku ya Wauguzi Duniani. Mishumaa huwashwa, kiapo cha taaluma husomwa kwa sauti moja, na jina la Florence Nightingale hutajwa kwa heshima. Tarehe hiyo ndiyo aliyozaliwa, mwaka 1820, katika mji wa Florence nchini Italia, ambako wazazi wake, Waingereza wenye mali nyingi, walikuwa safarini. Mji huo ndio uliompa jina.

Wengi humkumbuka kwa taa aliyoishika usiku akipita kati ya vitanda vya askari wagonjwa. Hata hivyo, kazi iliyobadilisha hospitali aliifanya zaidi kwa kalamu na daftari la hesabu, na sehemu ngumu kuliko zote ya kazi hiyo ilikuwa kukubali ukweli kuhusu hospitali aliyoitumikia yeye mwenyewe.

Nightingale alifundishwa nyumbani na baba yake, ambaye alimpa elimu ya lugha, historia na falsafa ambayo wasichana wengi wa wakati ule hawakuipata. Hisabati aliipenda mno. Akiwa na umri wa miaka 16 aliamini kuwa Mungu amemwita kuwatumikia watu, na baadaye akatambua kuwa utumishi huo ni uuguzi. Familia yake ilipinga kwa miaka mingi, kwa kuwa siku hizo kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya watu wa chini wasio na mafunzo wala sifa njema. Hakukata tamaa. Mwaka 1851 alipata mafunzo katika taasisi ya Kaiserswerth nchini Ujerumani, na mwaka 1853 akakabidhiwa uongozi wa hospitali ndogo ya wanawake mjini London. Kamati ya hospitali hiyo ilitaka kuwapokea waumini wa Kanisa la Uingereza pekee. Nightingale alisimama imara hadi ikakubaliwa kuwa wagonjwa wa dini na madhehebu yote watapokewa.

Mwaka uliofuata Uingereza ilikuwa vitani dhidi ya Urusi katika rasi ya Crimea, na habari za mateso ya askari wagonjwa ziliwatia wananchi uchungu mkubwa. Waziri Sidney Herbert alimwomba Nightingale aongoze kundi la wauguzi wanawake. Aliondoka Oktoba 1854 akiwa na wauguzi 38, na Novemba 4 waliwasili Scutari, ng'ambo ya jiji la Istanbul, katika kambi ya jeshi iliyogeuzwa kuwa hospitali.

Madaktari wa jeshi hawakuwakaribisha. Nightingale aliwaagiza wauguzi wake wasimguse mgonjwa yeyote mpaka madaktari waombe msaada, na haukupita muda mrefu kabla majeruhi wa mapigano ya Inkerman hawajafurika na msaada huo ukaombwa. Ndipo wauguzi hao walipoanza kufua mashuka, kusugua sakafu, kupika vyakula vinavyofaa wagonjwa na kufunga vidonda. Kiongozi wao alinunua vifaa kwa fedha za michango pale ghala la jeshi liliposhindwa kuvitoa. Aliziandikia familia za waliofariki, na akaweka utaratibu wa askari wa kawaida kutuma fedha nyumbani, ingawa wakubwa wengi waliamini kuwa mtu wa cheo hicho hujua kunywa pombe tu.

Pamoja na juhudi hizo, vifo viliongezeka. Jengo lile lilisimama juu ya mifereji ya majitaka iliyoziba, hewa haikupita, na wagonjwa walibanana. Kuhara, kipindupindu na homa viliua kuliko risasi. Februari 1855 kiwango cha vifo kilifikia asilimia 42.7 ya wagonjwa waliotibiwa. Mwezi Machi iliwasili tume ya afya iliyotumwa na serikali. Tume hiyo ilizibua mifereji, ikaondoa uchafu na mizoga, ikaboresha maji na kufungua njia za hewa. Kufikia Juni kiwango kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 2.2.

Nightingale alirejea Uingereza Agosti 1856 akiwa na afya iliyodhoofika, huku taifa zima likimsifu. Angeweza kuishia hapo. Wakati wa vita aliamini kuwa askari wengi walikufa kwa sababu walifikishwa Scutari wakiwa wameishiwa nguvu kwa njaa, baridi na uchovu. Akishirikiana na mtakwimu William Farr, alizipitia hesabu za vifo mwezi kwa mwezi, na hesabu hizo zikamwonyesha jambo zito: uchafu wa hospitali wenyewe ulikuwa umewaua maelfu ambao wangeweza kupona. Hakulificha. Mwaka 1858 alitoa michoro ya duara iliyogawanywa kwa miezi, rangi ya buluu ikionyesha waliokufa kwa maradhi yanayozuilika na nyekundu waliokufa kwa majeraha. Sehemu ya buluu iliifunika nyingine kwa ukubwa, kiasi kwamba hata kiongozi asiyependa kusoma majedwali aliweza kuelewa. Mwaka huohuo alichaguliwa kuwa mwanamke wa kwanza katika Chama cha Takwimu cha London.

Hesabu zake zilionyesha pia kuwa hata wakati wa amani, vijana waliokuwa jeshini walikufa kwa kiwango kinachokaribia maradufu ya kile cha raia wa umri wao. Kambi zilianza kurekebishwa, na takwimu za afya ya askari zikaanza kukusanywa kwa utaratibu.

Mwaka 1860 shule ya wauguzi iliyobeba jina lake ilifunguliwa katika Hospitali ya St Thomas' mjini London, kwa fedha zilizochangwa na wananchi. Wahitimu wake walikwenda kuongoza hospitali ndani na nje ya Uingereza. Mmoja wao, Agnes Jones, alipelekwa mwaka 1865 katika hospitali ya mafukara mjini Liverpool, ambako wagonjwa walikuwa wakiuguzwa na mafukara wenzao wasio na mafunzo. Nightingale alishikilia kuwa maskini anapougua huacha kuwa mzigo wa kuadhibiwa na huwa mgonjwa mwenye haki ya uangalizi sawa na mwingine yeyote. Jones alifariki kwa homa ya tifasi mwaka 1868 akiwa kazini. Mwaka mmoja kabla, Bunge lilikuwa limepitisha sheria iliyoanza kutenganisha hospitali za maskini wa London na nyumba walimofanyishwa kazi.

Hakuwa sahihi katika kila jambo. Alipinga usajili wa kitaifa wa wauguzi, akihofia kuwa mtihani hauwezi kupima tabia ya muuguzi. Historia haikumfuata, na leo usajili ni msingi wa taaluma hiyo.

Muuguzi anayejaza rejista ya wodi usiku wa manane, akiandika nani amelazwa, anaumwa nini na ameondoka akiwa katika hali gani, anaendeleza kazi iliyoanzia katika daftari za Scutari. Safu moja iliyoachwa wazi huweza kuficha kosa ambalo lingesahihishwa kabla mgonjwa mwingine hajafikwa na lilelile.

Mwaka 1907 Nightingale alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa Nishani ya Order of Merit. Alifariki mjini London Agosti 13, 1910, akiwa na umri wa miaka 90. Familia yake haikukubali azikwe Westminster Abbey, mahali wanapozikwa wafalme na mashujaa wa Uingereza. Alizikwa kijijini East Wellow kando ya wazazi wake, na juu ya kaburi lake ziliandikwa herufi mbili za jina lake pamoja na miaka ya kuzaliwa na kufariki.