Rumaliza: Mfanyabiashara wa Lindi ambaye misafara yake ilifika Uzige

Dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam akifika Buyenzi, mjini Bujumbura, hahitaji mkalimani. Fundi wa gereji, muuza spea na mama wa mgahawa wote wanazungumza Kiswahili. Lugha hiyo haikuletwa na malori. Ilifika kwa miguu na kwa mitumbwi katika karne ya 19, pamoja na misafara ya pembe za ndovu. Mmoja wa wakubwa wa misafara hiyo kwenye Ziwa Tanganyika alikuwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, anayejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza.

Alizaliwa Lindi, pwani ya kusini ya Tanzania ya leo, karibu mwaka 1855. Ukoo wake wa Barwani ni wa asili ya Oman, na ulikuwa umeenea Unguja na kwenye miji ya pwani. Akiwa bado kijana alipanda bara hadi Unyanyembe, yaani Tabora, njia panda ya misafara yote iliyokwenda maziwa makuu.

Biashara ya wakati huo ilisimama juu ya mkopo. Matajiri wa Kihindi wa Unguja, kama Taria Topan aliyemkopesha Tippu Tip, walitoa merikani, kaniki, shanga, bunduki na baruti. Mwenye msafara alikwenda navyo bara na kulipa deni aliporudi na pembe. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni zaidi ya kilomita 1,000, na safari ilichukua miezi mitatu au zaidi. Kila mzigo ulikuwa juu ya bega la mtu. Msafara ukikwama kwa vita, njaa au ndui, deni halikusimama.

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Rumaliza aliingia ushirika na Tippu Tip, tajiri mkubwa kuliko wote wa Manyema, akahamia Ujiji kusimamia upande wa ziwa. Ujiji ulikuwa mji wa soko. Chumvi ya Uvinza, mawese, samaki wakavu na nguo vilibadilishwa hapo, na shanga zilizoitwa sofi zilitumika kama fedha. Kutoka Ujiji vyombo vilivuka hadi pwani ya Kongo au kupanda kaskazini kupitia Rumonge hadi Uvira na Uzige. Uzige ndiyo nchi tambarare ya ncha ya kaskazini ya ziwa, ambako mji wa Bujumbura umejengwa. Livingstone na Stanley walikuwa wamepita huko mwaka 1871, nao walitokea Ujiji kwa mtumbwi.

Watu wa Rumaliza waliweka vituo Uvira na Uzige, na kwa miaka kadhaa hakuna aliyekuwa na nguvu kuliko yeye kwenye maji ya kaskazini. Lakini milima ya Burundi ilimshinda. Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala tangu katikati ya karne hiyo hadi alipofariki mwaka 1908, aliyazuia majeshi ya wafanyabiashara yasipande kwenye nchi yake. Ndiyo sababu misafara ilibaki ukingoni mwa ziwa, na ndiyo sababu Waswahili wa Burundi hadi leo wana mizizi yao zaidi Rumonge, Nyanza-Lac na Bujumbura kuliko milimani.

Mali ya Rumaliza haikutokana na pembe peke yake. Alifanya pia biashara ya watumwa. Vijiji vya pande zote mbili za ziwa vilichomwa, na watu wakachukuliwa wauzwe au wabebeshwe mizigo. Anayeandika habari za maisha yake hana njia ya kulikwepa jambo hilo.

Kilichomwangusha ni mipaka. Mwaka 1885 mataifa ya Ulaya yaliitambua Dola Huru ya Kongo chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Mwaka 1890 Ujerumani na Uingereza zilikamilisha kugawana upande wa mashariki. Ghafla pembe zilizokuwa zikitoka Manyema kwenda Unguja zilikuwa zinavuka kutoka dola moja kwenda nyingine, na wakuu wa Kongo walitaka ziteremke kwa mto hadi bahari ya Atlantiki. Njia iliyomtajirisha Rumaliza ikawa njia ya magendo.

Vita vilifuata. Mwaka 1892 watu wake walipigana na kapteni Jacques kwenye ngome ya Albertville, Kalemie ya leo. Mwaka 1893 alivuka na jeshi kuwasaidia Waarabu wa Manyema. Januari 1894 majeshi ya Dhanis yalimshinda, naye akakimbilia upande wa Wajerumani. Miaka miwili baadaye Wajerumani waliweka kituo Ujiji kwenyewe, kisha wakajenga boma Usumbura, ambayo ndiyo Bujumbura.

Aliporudi pwani alikuwa amepoteza karibu kila kitu. Alimshtaki mshirika wake wa zamani, Tippu Tip, akidai fungu lake katika mali ya ushirika. Kesi ilikwenda mbele ya mahakama ya Wajerumani, na Rumaliza akashinda. Ushirika wa miaka mingi, uliovuka ziwa na misitu, uliishia kwa hakimu. Tippu Tip alifariki Unguja mwaka 1905. Rumaliza alitajwa tena mwaka 1908, pale Wajerumani walipomshuku kuwa nyuma ya barua ya dini iliyoenezwa Lindi, iliyosemekana kutoka Makka.

Waliobaki ziwani ni wale ambao majina yao hayakuandikwa katika kesi yoyote: wapagazi, mabaharia wa mitumbwi, askari, wachuuzi wadogo na watu waliotoka utumwani. Wengi walikuwa Wamanyema. Walijenga karibu na boma la Usumbura, wakaoa, wakafungua maduka na misikiti. Wabelgiji walioshika mji mwaka 1916 waliwapangia Waafrika mitaa yao, na Buyenzi, wenye barabara zinazoitwa kwa namba, ukawa mtaa wa Waswahili.

Kwa hiyo mtu wa Buyenzi anayetafuta babu yake wa zama za misafara hana budi kutafuta pande mbili. Ukoo wa tajiri unafuatika, kwa kuwa una nasaba, madeni na kesi zilizoandikwa. Ukoo wa mpagazi unafuatika kwa wazee, kwa jina la kabila na kwa mji alikotoka: Kasongo, Kabambare, Ujiji, Tabora. Mara nyingi katika nyumba moja pande hizo mbili zinakutana, aliyeuza na aliyeuzwa.

Rumaliza alishika biashara ya ziwa kwa muda usiozidi miaka 15. Ngome zake hazipo tena, na pembe zake ziliuzwa zamani. Njia yenyewe bado inafanya kazi: Kigoma, Rumonge, Bujumbura, Uvira. Wanaoipita leo wakiwa na hati za forodha mkononi wanapatana bei kwa lugha ya wale waliobeba mizigo yake.