Mpanzi Asiyeona Mavuno

Kila siku Mkristo humwomba Mungu kwamba mapenzi yake yatimie duniani. Ombi hilo twalisema asubuhi na jioni, tena kwa wepesi, kwa kuwa tumelizoea tangu utoto. Lakini mtu akisimama kidogo na kulipima ataona kuwa ni ombi zito, maana amwombaye Mungu hivyo ameahidi kuyaacha mapenzi yake mwenyewe. Wengi wetu twampa Mungu Jumapili, twampa sadaka, twampa hata watoto wetu wawe mapadre na masista. Ila twajiwekea kisehemu kidogo ambacho hatutaki akiguse. Wahenga walituonya kwamba mshika mbili moja humponyoka.

Tarehe 1 Desemba Kanisa humkumbuka mtu aliyekataa kushika mbili. Jina lake ni Charles de Foucauld. Maisha yake yafaa kutazamwa vema, kwa kuwa yatufundisha jambo ambalo hata Wakristo wenye bidii hulisahau: kwamba mtu akiisha kumpa Mungu mali yake na mwili wake, bado amebakiwa na kitu kimoja cha kumpa, nacho ni matunda ya kazi yake.

Alizaliwa Strasbourg, nchini Ufaransa, tarehe 15 Septemba 1858, katika ukoo wa kikabaila wenye mali. Mwaka 1864, kabla hajatimiza miaka sita, alifiwa na mama yake na baba yake. Yeye na dada yake mdogo walilelewa na babu yao mzaa mama, kanali mstaafu, mzee mwema aliyempenda mjukuu wake mno. Charles alipokea Komunyo ya kwanza mwaka 1872, lakini miaka michache baadaye, angali mwanafunzi, imani yake ilizimika. Hakupigana na Mungu. Aliona tu kwamba hakuna njia ya kumjua, akaacha kumtafuta.

Mwaka 1876 aliingia Saint-Cyr, chuo cha maofisa wa jeshi, kisha akaenda Saumur kwenye chuo cha askari wapanda farasi, ambako alimaliza wa mwisho katika darasa lake. Babu yake alifariki mwaka 1878 na kumwachia urithi mkubwa. Kijana akautapanya katika karamu na anasa, hata jamaa zake wakalazimika kwenda mahakamani ili asiachiwe kusimamia fedha zake peke yake. Mwaka 1881, akiwa na kikosi chake huko Algeria, aliondolewa kazini kwa utovu wa adabu na kwa sababu ya mwanamke aliyeishi naye bila ndoa. Hatuyasemi hayo ili kumwaibisha. Twayasema kwa sababu wako wasomaji wetu wadhanio kwamba utakatifu ni wa wale waliozaliwa wapole, na kwamba wao wenyewe wamekwisha kuchelewa.

Hata hivyo, ndani ya kijana huyo mlikuwa na moyo usiojua kutoa nusu. Aliposikia kwamba wenzake wameingia vitani aliomba kurudishwa jeshini, akavumilia taabu pamoja na askari wake. Kisha alijiuzulu, akajifunza Kiarabu na Kiebrania, akaingia Moroko, nchi ambayo wakati ule Mzungu aliyejulikana aliweza kuuawa humo. Tangu Juni 1883 hata Mei 1884 alisafiri akiwa amejifanya Myahudi maskini, akiongozwa na rabi Mordechai Abi Serour, na kwa siri akiandika habari za milima, mito na njia. Mwaka 1885 Chama cha Jiografia cha Paris kilimpa nishani ya dhahabu. Lakini jambo lililomgusa kuliko nishani ni kuwaona Waislamu wakisujudu mbele ya Mungu saa za sala. Aliona kuwa watu hao wanaishi mbele ya mmoja aliye mkuu kuliko mambo yote ya dunia, naye hana lolote la namna hiyo.

Aliporudi Paris alianza kuingia makanisani na kukaa kimya, akimwomba Mungu, kama yupo, amjulishe kwamba yupo. Binamu yake Marie de Bondy, mama mwenye akili na ibada, hakubishana naye. Maisha yake tu yalimwonyesha kuwa imani si upumbavu. Mwishoni mwa Oktoba 1886 Charles alikwenda katika kanisa la Mtakatifu Augustino kumwona Padre Huvelin, akamwendea kitubioni na kumwomba amfundishe dini. Padre hakuanza masomo. Alimwambia apige magoti aungame, kisha akamtuma kupokea Komunyo papo hapo. Charles alikuwa na umri wa miaka 28. Baadaye alieleza kwamba tangu saa ile aliyosadiki kuwa Mungu yupo, hakuona tena njia ya kuishi isipokuwa kwa ajili yake.

Tangu siku hiyo akaanza kutoa. Padre Huvelin alikuwa amehubiri kwamba Yesu alichagua mahali pa mwisho, na hapana mtu awezaye kumnyang'anya mahali hapo. Fundisho hilo lilimkaa Charles moyoni maisha yake yote. Alihiji Nchi Takatifu, akaona Nazareti na kumtafakari Mungu aliyekuwa fundi wa kijijini kwa miaka mingi bila kujulikana. Januari 1890 alimwachia dada yake mali yake, akaagana na jamaa zake kwa machozi, akaingia kwa watawa Watrapisti. Miezi michache baadaye alipelekwa katika monasteri yao maskini ya Akbès, katika nchi ya Siria ya wakati huo. Huko, mwaka 1896, aliandika tafakari juu ya Yesu msalabani alipoikabidhi roho yake mikononi mwa Baba. Kutoka katika tafakari hiyo imetolewa ile sala ya kujiachilia kwa Mungu ambayo Wakristo wa nchi nyingi huisali hata leo.

Aliyeandika tafakari hiyo alidhani kwamba amekwisha kutoa yote. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa haijaanza. Mwaka 1897, kwa ruhusa ya wakubwa wake, aliwaacha Watrapisti ili awe maskini zaidi, akawa mtumishi wa Masista Waklara huko Nazareti, akilala katika kibanda cha vyombo vya bustani. Alitamani kubaki mahali pa mwisho, asiwe hata padre. Lakini akaja kutambua kwamba kutamani mahali pa chini kwaweza nako kuwa mapenzi ya mtu mwenyewe. Alirudi Ufaransa, akapewa upadre huko Viviers tarehe 9 Juni 1901, na mwaka huohuo akaenda Béni Abbès, katika jangwa la Sahara, karibu na mpaka wa Moroko. Eneo hilo lilikuwa chini ya Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadri Weupe, shirika lilelile lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie huko Algiers mwaka 1868 na ambalo miaka kumi baadaye lilileta msafara wake wa kwanza katika nchi zetu za Maziwa Makuu.

Huko Béni Abbès mlango wake ulikuwa wazi kwa wote: askari, wasafiri, maskini, na watumwa. Aliposhuhudia utumwa kwa macho yake hakunyamaza. Aliandika kwa wakubwa wa Kanisa na kwa marafiki zake kulalamika kwamba serikali ya Ufaransa yauvumilia, akawakomboa watumwa wachache kwa fedha alizoomba kwa jamaa zake. Wako wanaomlaumu kwa kuwa karibu na maofisa wa jeshi la wakoloni na kwa kuamini kuwa utawala wa nchi yake utawafaa wenyeji. Lawama hiyo si ya bure. Alikuwa mtu wa zama zake, na utakatifu haumwondolei mtu mipaka yote ya akili yake. Lakini wenyeji waliojua kutofautisha bunduki na moyo walimwita ndugu.

Sasa tutazame jinsi Mungu alivyolipokea toleo lake. Charles alitaka kuanzisha shirika la ndugu watakaoishi kama Yesu wa Nazareti. Aliandika kanuni, akatengeneza vyumba, akangoja. Alikuja mmoja mwishoni mwa mwaka 1906, akashindwa na maisha yale, akaondoka baada ya miezi michache. Hakuja mwingine wa kukaa naye. Alitamani kuingia tena Moroko kama padre, njia haikufunguka. Mwaka 1905 alihamia kusini zaidi, Tamanrasset, kijiji cha vibanda kama ishirini hivi katika milima ya Hoggar, kwa ruhusa ya Moussa ag Amastan, mkuu wa Watuareg wa huko. Alitazamia kuwaleta watu kwa Kristo. Katika miaka yake yote jangwani waliobatizwa naye ni wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Hata Misa Takatifu, iliyokuwa uzima wake, iliondolewa kwake kwa muda. Sheria ya wakati ule haikumruhusu padre kuadhimisha Misa peke yake bila mtu wa kuitikia, na huko Tamanrasset hapakuwa na Mkristo mwingine. Ilimbidi achague: arudi kaskazini apate Misa kila siku, au abaki na watu ambao hakuna padre mwingine angefika kwao. Alichagua kubaki. Noeli ya mwaka 1907 ilipita bila Misa. Mvua zilikuwa zimekosekana kwa muda mrefu, njaa ilikuwa kali, naye alikuwa amegawa akiba yake kwa watoto wenye njaa. Januari 1908 akaugua karibu kufa. Ndipo Watuareg, ambao mbuzi wao wenyewe walikuwa wamekauka, walipozunguka kote wakitafuta maziwa kidogo kidogo, wakamnywesha hata akapona. Yeye aliyekuja kuwapa aliokolewa na walichompa. Ruhusa ya kuadhimisha Misa peke yake ilimfikia mwishoni mwa mwezi huohuo.

Baada ya hapo hakuacha kazi. Alijifunza lugha yao kwa saa nyingi kila siku, akakusanya mashairi yao, akatunga kamusi kubwa ya Kituareg na Kifaransa, ambayo ilichapwa kamili katika vitabu vinne mwaka 1951 na 1952, yeye akiwa kaburini miaka mingi. Aliona kwamba huwezi kumpenda mtu ambaye hujajisumbua kujua maneno yake.

Jioni ya tarehe 1 Desemba 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kundi la watu wenye silaha lilifika mlangoni pake. Mtu aliyemfahamu alimwita kwa hila, naye akafungua. Walimfunga kamba na kumwekea kijana wa kumlinda wakati wao wakipora. Askari wawili wa ngamia walipotokea, kijana yule aliingiwa na hofu akafyatua bunduki. Charles alikufa papo hapo, mwenye umri wa miaka 58. Hakuacha mtawa hata mmoja wa kuendeleza kazi yake. Palikuwa tu na chama cha sala alichokianzisha, chenye watu wasiofika hamsini huko Ufaransa. Wiki tatu baadaye maofisa waliofika hapo waliikuta monstransi yake imetupwa mchangani.

Kama hesabu ya Mungu ingekuwa kama hesabu yetu, tungeandika hapo kwamba mtu huyu alishindwa. Lakini mwaka 1933 mapadre vijana, René Voillaume akiwa mmojawapo, walikwenda Sahara kuishi kwa kufuata nyayo zake, na kutoka kwao wakapatikana Ndugu Wadogo wa Yesu. Mwaka 1939 Magdeleine Hutin alianzisha Masista Wadogo wa Yesu. Mashirika na vyama vya namna hiyo vimeenea katika mabara mengi, katika mitaa ya maskini na viwandani. Tarehe 13 Novemba 2005 Charles alitangazwa mwenye heri, na tarehe 15 Mei 2022 Baba Mtakatifu Fransisko alimtangaza mtakatifu. Yote hayo yeye hakuyaona.

Twamwandikia nani habari hizi? Twamwandikia katekista aliyefundisha kigango miaka ishirini na bado viti ni vitupu. Twamwandikia mama anayemwombea mwanawe mlevi, na kila asubuhi humwona vilevile. Twamwandikia sista anayemwuguza mgonjwa asiye na shukrani, na baba aliyeacha rushwa na kubaki maskini huku jirani yake akijenga. Hao wote wamempa Mungu kitu, tena kikubwa. Shetani hawaambii warudishe walichotoa; huwauliza tu kimefaa nini. Swali hilo limewaangusha Wakristo wengi kuliko mateso.

Jibu lake ni kwamba tuliyempa maisha yetu tumempa na matokeo yake. Mkulima huandaa shamba na kupanda, lakini mvua haikai ghalani kwake. Watu husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri; nasi twaongeza kwamba moyo uliotoa kweli haukai mlangoni kuhesabu kilichorudi. Basi mtu na aifanye leo kazi aliyopewa, kwa bidii yake yote, kisha alale na amani. Akiamka kesho na shamba bado ni kavu, na achukue jembe lake arudi palepale. Mtakatifu Charles wa Sahara atuombee neema hiyo.